Jinsi ya Kusoma Ramani ya Mafuriko Kabla ya Kukata Bima: Mwongozo wa Malindi na Lamu

Mvua inayofurisha Mto Sabaki aghalabu hainyeshi Malindi. Hunyesha Nairobi, Machakos na Makueni, ikateremka na Mto Athi. Athi hukutana na Tsavo ukawa Galana, na Galana ukikaribia bahari ndio Sabaki wetu, uliobeba matope yanayogeuza maji ya ufuo wa Malindi kuwa ya kahawia. Mkulima wa Jilore au Garashi anaweza kuamka jua linawaka, wingu hakuna, na migomba yake iko ndani ya maji.

Ramani ya mafuriko ipo kwa ajili ya hilo: ikuonyeshe maji usiyoweza kuyakisia kwa kutazama mawingu ya kwako. Shida ni kwamba wengi wetu huishia kwenye rangi. Tukiona samawati imepita juu ya paa letu tunaogopa, tukiona imeishia kwa jirani tunashukuru, kisha tunafunga simu. Rangi haitoshi. Siku ya kudai fidia kwa kampuni ya bima, yanayoamua ni mambo mawili: maji yametoka wapi, na yamepanda kiasi gani ukilinganisha na sakafu yako. Mwongozo huu unakufikisha kwenye hayo mawili, hatua kwa hatua, kabla hujatia saini mkataba wa bima.

Ujue kwanza kwamba Kenya haina ramani ya taifa iliyowekwa kisheria kupanga malipo ya bima ya mafuriko. Hapa mafuriko huingia ndani ya bima ya nyumba, au huongezwa kwenye bima ya moto na majanga mengine, na kila kampuni hupima hatari kwa njia yake: ramani zake, madai ya miaka iliyopita, na mkaguzi anayekuja kuangalia. Kwa sababu hiyo, mwenye nyumba anayeielewa ramani ana la kusema mezani. Asiyeielewa hupokea bei aliyopewa.

Hatua ya 1: Jua ni maji gani yanayokutisha

Pwani yetu ina maji ya namna tatu, na ni nadra ramani moja kuyaonyesha yote.

Kuna maji ya mto. Kwa Malindi na Magarini ni Sabaki. Kwa Lamu ni Tana, ijapokuwa mto wenyewe unaingia baharini Kipini, nje ya kaunti. Watu wa Witu wanalijua hili vizuri: maji ya Tana yakitapakaa hufika kwao kutoka ubavuni. Mwishoni mwa 2023 barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikatika eneo la Lango la Simba, na abiria wakavushwa kwa mashua. Tana una jambo jingine la kuzingatia. Juu kuna mabwawa matano ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na Masinga likijaa na kumwaga, maji ya huku chini hupanda hata kama mvua imekwisha kukatika.

Kuna maji ya bahari: bamvua, yaani maji kujaa kuliko siku za kawaida, mawimbi ya upepo wa kusi, na vyote viwili vikikutana. Haya ndiyo ya Wiyoni, ya ukingo wa mji wa Lamu, ya Ndau na vijiji vya visiwani vilivyo chini.

Halafu kuna maji ya mvua yaliyokosa pa kwenda. Mtu wa Muyeye au Maweni, mjini Malindi, hana mto mlangoni, lakini mvua kubwa ya saa mbili ikikuta mtaro umezibwa, huingia sebuleni. Ramani nyingi za mafuriko haziyaonyeshi maji haya kabisa, kwa kuwa zilitengenezwa kwa kufuata mito. Nyumba yako ya mjini ikiwa nje ya rangi, usidhani ramani imekuhakikishia usalama. Pengine haikuulizwa swali lako.

Andika kwenye karatasi: nyumba yangu inatishwa na mto, bahari, mvua, au mawili kati ya hayo. Utalihitaji jibu hilo tena utakapousoma mkataba.

Hatua ya 2: Tambua aina ya ramani uliyo nayo

Kwenye simu zetu huzunguka picha nyingi zinazoitwa ramani ya mafuriko, na kila moja inajibu swali tofauti.

Ya kwanza ni ya utabiri. Mfano ni Google Flood Hub, inayoonyesha kama mto unatarajiwa kupanda katika siku chache zijazo. Inafaa kwa kuhamisha mbuzi na magodoro. Haifai kwa kupanga bima ya mwaka mzima.

Ya pili ni ya alama: inaonyesha mahali maji yalipoonekana siku fulani, mara nyingi kutokana na setilaiti ya rada inayoweza kuona kupitia mawingu. Ni ushahidi mzuri, lakini una mapengo. Setilaiti hupita kwa siku zake, na huenda ilipita maji yakiwa yameanza kushuka. Chini ya mikoko, minazi na mapaa yaliyosongamana, rada hupata taabu kuyaona maji. Kwa hiyo kiwanja kilicho kikavu kwenye ramani ya namna hii huenda kilifurika na hakikuonekana.

Ya tatu ni ya hatari, na ndiyo tunayoitafuta. Hii haisemi maji yalikuwa wapi wala yatakuwa wapi wiki ijayo. Inasema: mafuriko ya ukubwa huu, yenye uwezekano huu kila mwaka, yatafika hapa kwa kina hiki. Hutengenezwa kwa hesabu za kompyuta zinazounganisha mvua, mtiririko wa mto na umbo la ardhi. Kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya kimetoa ramani za dunia nzima za aina hii, zenye viwango vya mafuriko ya mara moja kwa miaka 10, 20, 50, 100, 200 na 500. ThinkHazard, tovuti iliyoanzishwa chini ya Benki ya Dunia, hutoa jibu la jumla kwa eneo zima: hatari kubwa, ya wastani, ndogo. Jibu la eneo zima si jibu la nyumba yako, kwa hiyo lichukue kama pa kuanzia. Uliza pia ofisi ya mipango ya kaunti, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kama wana ramani ya bonde lako yenye vipimo vya karibu zaidi.

Ya nne ni ramani ya viwango vya bima, ile ya Kimarekani. Nitaieleza mbele kidogo, kwa sababu ukitafuta maelezo mtandaoni nyingi utakazokutana nazo ni za huko, na herufi zake huwachanganya watu.

Hatua ya 3: Soma pembeni kabla ya kusoma katikati

Kabla ya kutafuta mtaa wako, tazama maandishi ya ukingoni.

Tarehe. Ramani iliyochorwa kabla ya barabara mpya kuinuliwa, kabla ya ukuta wa jirani kuziba njia ya maji, au kabla ya bwawa kujengwa huko juu, inaeleza nchi ambayo haipo tena. Kwenye mto Athi kuna ujenzi wa Bwawa la Thwake. Bwawa kubwa la namna hiyo linaweza kubadilisha tabia ya Sabaki, na ramani ya zamani haikulijua.

Ukubwa wa mraba. Ramani za dunia zimegawanywa katika miraba. Mraba wa mita 90 kwa 90 unameza nyumba kadhaa, visima vyao na uwanja wa mpira, zote zikapewa namba moja. Ukiona mpaka wa rangi unapita katikati ya nyumba yako, usibishane na mpaka. Ramani haina uwezo wa kuona kwa usahihi huo.

Chanzo cha mwinuko. Hapa ndipo Pwani huonewa zaidi. Ramani nyingi hutegemea vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa na chombo cha angani cha Marekani Februari 2000. Rada ile iligonga vilele vya miti na mapaa badala ya udongo. Penye mikoko mirefu au shamba la minazi, kompyuta hudhani ardhi iko juu kwa mita kadhaa kuliko ilivyo, na hivyo huonyesha pakavu mahali ambapo maji yatapita bila kizuizi. Kwa kiwanja cha Lamu kilicho nyuma ya mikoko, hili si jambo dogo. Uliza kama ramani imesahihishwa kwa kuondoa urefu wa miti.

Usijaribu kuziba pengo hilo kwa ramani za kawaida za serikali za skeli ya 1:50,000. Nyingi zina mistari ya mwinuko iliyoachana kwa mita 20, na sehemu kubwa ya makazi yetu ya ufuoni iko chini ya mstari wa kwanza.

Hatua ya 4: Weka nyumba yako mahali pake

Washa simu nje, mbali na kuta. Katika vichochoro vya Mkomani au Langoni, mjini Lamu, kuta ndefu za mawe huzuia mawimbi ya setilaiti, na simu inaweza kukuweka mtaa wa pili. Simama barazani au juu ya dari, subiri kidogo, kisha uandike nukta zako, yaani namba za mahali ulipo.

Ikiwa unatumia ramani ya upimaji au nukta zilizo kwenye hati za kiwanja, uliza zimehesabiwa kwa mfumo upi. Ramani za zamani za Kenya hutumia mfumo wa Arc 1960, ilhali simu hutumia WGS84. Ukichukua namba za mmoja ukazibandika kwenye mwingine bila kuzibadilisha, kiwanja kinaweza kuhama karibu mita 300. Mita 300 karibu na kijiji cha Sabaki ni tofauti ya kuwa mtoni na kuwa kilimani. Mpimaji wa ardhi hulirekebisha kwa dakika chache.

Ukiwa hapo, angalia pia umbali wa nyumba na maji. Kanuni za maji za Kenya huhifadhi ukanda wa mita 6 hadi 30 kando ya mto, na kanuni za upimaji huhifadhi kwa kawaida mita 60 juu ya alama ya maji kujaa ufuoni. Nyumba iliyoingia ndani ya kanda hizo ina tatizo ambalo bima haitalitibu: kampuni inaweza kuikataa tangu mwanzo, au kuuliza vibali wakati wa dai.

Hatua ya 5: Geuza "miaka mia" kuwa miaka yako

Ramani ikisema mafuriko ya mara moja kwa miaka 100, haimaanishi kwamba yakija leo basi hadi karne ijayo tumepumzika. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na kila mwaka hesabu huanza upya. Wakazi wa pwani hii waliona mafuriko makubwa mwishoni mwa 2023, na masika ya 2024 yakaja juu yake.

Hesabu ya kufanya ni hii. Ukikaa kwenye nyumba kwa miaka 30, uwezekano wa kukutwa na mafuriko ya miaka 100 walau mara moja ni kama asilimia 26. Mafuriko ya miaka 50, ndani ya miaka 10, ni kama asilimia 18. Mafuriko ya miaka 20, ndani ya miaka 20, ni asilimia 64. Na ya miaka 10, ndani ya miaka 30, ni asilimia 96, yaani karibu hakika.

Kwa maoni yangu ramani ya miaka 20 ndiyo inayostahili kutazamwa kwanza na mwenye nyumba wa kawaida, ingawa ya miaka 100 ndiyo inayotajwa sana. Ukiwa ndani ya rangi ya miaka 20, bima itakuwa ghali au haitapatikana, na fedha ya kwanza inafaa iende kwenye kuinua msingi. Ukiwa nje ya ile ya 20 lakini ndani ya ile ya 100, hapo ndipo bima inapokufaa zaidi: janga ni la nadra, lakini likija hutaliweza peke yako.

Hatua ya 6: Linganisha maji na sakafu yako

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye faida kuliko zote.

Ramani nzuri hutoa kina, si rangi tupu. Tazama ufunguo wake: labda samawati nyepesi ni chini ya nusu mita, ya katikati ni nusu mita hadi mita moja, nzito ni zaidi. Kina hicho hupimwa kutoka ardhini. Wewe hulali ardhini. Pima basi kutoka udongo wa nje hadi sakafu ya ndani. Tuseme msingi wako umeinuka sentimita 45, na ramani inaonyesha kati ya sentimita 50 na 100. Ndani ya nyumba utapata kati ya sentimita 5 na 55. Ya chini inaharibu zulia na miguu ya kabati. Ya juu imefunika soketi, mota ya friji na godoro. Jirani yako mwenye msingi wa sentimita 90, ndani ya rangi ileile, anaweza asipate maji kabisa au apate ya kufuta kwa tambara. Ni haki yake kudai bei tofauti na yako, na anayejua kupima anaweza kuidai.

Sasa thibitisha ramani kwa kumbukumbu za watu. Tafuta mzee aliyekuwa hapo wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, au mafuriko ya karibuni. Usimuulize kama kulifurika. Muulize: "Mzee, maji yalifika wapi kwenye ukuta huu?" Watu husahau tarehe, lakini hukumbuka kama maji yalifika dirishani au yalilowesha kizingiti. Tazama pia kuta zenyewe. Mstari wa tope au wa chumvi ukutani ni shahidi asiyechoka.

Ukishapata alama, mwite fundi na mpira wake mwangavu wa kuchukulia levo, uleule anaotumia kusawazisha msingi. Mpira ujazwe maji bila mapovu. Ncha moja ishikwe kwenye alama ya mafuriko kwa jirani, nyingine iletwe ukutani kwako. Maji yakitulia, ncha zote mbili ziko kimo kimoja. Piga alama kwako, kisha pima kutoka sakafu hadi alama hiyo. Ikiwa iko sentimita 25 juu ya sakafu, mafuriko yale yangeingia ndani kwa sentimita 25. Ikiwa iko chini ya sakafu, yangepita nje. Mpira ukiwa mfupi, endeni kwa vituo, mkihamisha alama kutoka ukuta hadi ukuta, na kila kituo kipimwe mara mbili.

Njia hii ina mipaka. Uso wa maji ya mto una mteremko, kwa hiyo usivuke mamia ya mita ukadhani kimo ni kilekile. Usivuke tuta la barabara pia. Maji ya upande mmoja yanaweza kuwa juu zaidi ya upande wa pili. Lakini kwa nyumba za mtaa mmoja, mpira wa fundi unaishinda ramani yoyote ya setilaiti niijuayo.

Kuna mambo mawili ambayo kina peke yake hakikuambii. La kwanza ni muda. Katika delta ya Tana maji hukaa majuma, na nyumba ya fito na udongo haihitaji mita moja ili ianguke. Sentimita 20 za siku nyingi zinatosha kulainisha tope la chini hadi ukuta ukalala. La pili ni chumvi. Maji ya bahari yakinywewa na mawe ya matumbawe na lipu, chumvi hubaki na kuendelea kuubandua ukuta muda mrefu baada ya maji kuondoka. Mkadiriaji wa hasara asiyeijua pwani huangalia ukuta mkavu akaandika kwamba umepona. Mwonyeshe.

Hatua ya 7: Kwa walio ufuoni, sifuri si moja

Mabaharia na wavuvi wa Lamu husoma jedwali la maji kujaa na kupwa. Mpimaji wa ardhi husoma ramani. Wote husema mita, lakini hawaanzi kuhesabu mahali pamoja. Jedwali huanza karibu na pale maji yanapopwa kabisa. Ramani huanza kwenye wastani wa usawa wa bahari. Pwani yetu tofauti ni takriban mita 2. Kwa hiyo bamvua ya mita 3.8 kwenye jedwali ni kama mita 1.8 kwenye ramani. Mwenye sakafu iliyo mita 3 kwenye ramani akilinganisha moja kwa moja na 3.8 atahama bure. Na anayefanya kosa hilo kinyume chake atajenga pabaya.

Simu nayo ina sifuri yake. Baadhi ya programu huonyesha mwinuko usiosahihishwa, na ukisimama mchangani Malindi zinasema uko zaidi ya mita 20 chini ya bahari. Usiandike namba hiyo popote.

Bamvua kubwa huja siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kubwa zaidi karibu na Machi na Septemba. Chagua siku moja kama hiyo, nenda ukingoni wakati wa maji kujaa, piga picha yenye saa, na utie alama. Sasa una mstari wa kweli. Juu yake ongeza mawimbi, kwa sababu ramani nyingi za bahari huonyesha maji yaliyotulia, ilhali upepo wa kusi hauyaachi yatulie kwa nyumba zinazotazama bahari wazi.

Zipo pia ramani za bahari itakavyokuwa 2050 au 2100, kama zile za Climate Central, shirika la utafiti wa tabianchi. Hizo zitumie unaponunua kiwanja au kumwachia mtoto. Mkataba wa bima ni wa mwaka mmoja, na kampuni inakutoza kwa hatari ya mwaka huo.

Hatua ya 8: Herufi za Kimarekani

Marekani ilianzisha mpango wa taifa wa bima ya mafuriko mwaka 1968, na ramani zake hutolewa na shirika la FEMA. Maeneo yanayoanza na A au V yana uwezekano wa asilimia 1 au zaidi kila mwaka. AE ina kimo cha maji kilichoandikwa kabisa. AO ni maji mafupi yanayotambaa, kati ya futi 1 na 3. VE ni ufuoni, penye mawimbi ya futi 3 au zaidi. X yenye kivuli iko kati ya asilimia 1 na asilimia 0.2, na X isiyo na kivuli ni hatari ndogo zaidi. D maana yake hatari haijapimwa. Aliyekopa kwa benki zinazodhibitiwa na serikali ya huko akawa ndani ya A au V hulazimika kukata bima, na kwa kawaida bima huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa.

Kuna mambo mawili ya kujifunza huko. FEMA yenyewe inasema kwamba kati ya 2014 na 2018 zaidi ya asilimia 40 ya madai yalitoka nje ya maeneo ya hatari kubwa. Na tangu Oktoba 2021, bei ya bima zao mpya haitegemei tena herufi ya eneo. Hutazama umbali wa nyumba na maji, mwinuko wake, aina ya mafuriko na gharama ya kuijenga upya. Hata walioanzisha ramani za rangi wameona rangi haitoshi. Wakala wa hapa akikuambia "uko eneo jekundu, basi," unaweza kumuuliza kwa adabu kimo cha sakafu yako kimeingia wapi kwenye hesabu.

Hatua ya 9: Peleka karatasi zako mezani

Kusanya: ramani uliyotumia na tarehe yake, nukta za nyumba, kipimo cha sakafu, picha ya alama ya mafuriko ukiwa umeshika futi ya kupimia, na picha za vyumba vyote na vitu vilivyomo. Kisha usome mkataba pamoja na wakala, si baada ya yeye kuondoka.

"Mwanangu, hapa pameandikwa moto na majanga mengine. Mafuriko yamo?"

"Yamo, mama."

"Nionyeshe yalipoandikwa."

Hayo tu. Kama hawezi kukuonyesha mstari, hayamo.

Ukiuona mstari, rudi kwenye karatasi ya Hatua ya 1. Je, mafuriko yaliyoelezwa ni ya mto kuvunja kingo tu, au pia bahari na mvua iliyotuama? Mmomonyoko wa ufuo mara nyingi huachwa nje, na kuna mikataba inayoacha uzio, geti na maji yanayopenya kutoka chini ya sakafu. Uliza kuhusu paa la makuti, maana baadhi ya kampuni hulitoza zaidi kwa hofu ya moto na nyingine hulikataa. Uliza pia kiasi cha hasara utakachobeba mwenyewe kabla ya kampuni kuanza kulipa. Kwa mafuriko kinaweza kuwa asilimia ya hasara badala ya shilingi maalumu, na hasara ndogo ikamezwa yote.

Thamani ya nyumba usiipunguze ili malipo yawe nafuu. Nyumba ya milioni 4 ukiiandikisha kwa milioni 3, umekata bima ya robo tatu yake. Maji yakiiharibu kwa hasara ya shilingi 800,000, mkataba wenye kipengele cha uwiano utakulipa 600,000, kisha wakatoe sehemu yako. Andikisha gharama ya kuijenga upya, bila kuhesabu bei ya kiwanja. Na kwa Lamu kumbuka kwamba mawe, saruji na mbao huja kwa mashua na kubebwa kwa punda. Gharama ya Nairobi haitajenga Mkomani, sembuse Faza.

Ambaye dini yake inamzuia kukata bima ya kawaida aulize takafuli, bima inayofuata sharia ya Kiislamu, ambayo imekuwapo Kenya tangu 2011. Ramani na vipimo ni vilevile.

Kata bima mapema, kabla ya masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Maji yakishatangazwa kwenye redio kwamba yameshavuka Garsen au yanateremka Galana, hakuna kampuni itakayokufungulia.

Dai likikataliwa kwa kuwa "eneo lenu ni la mafuriko", omba sababu kwa maandishi pamoja na kipengele cha mkataba walichotumia. Ikiwa uliwapa ramani na kipimo cha sakafu siku ya kwanza na wakapokea malipo yako, waliijua hatari na wakaikubali. Jibu kwa barua, ambatisha nakala zenye muhuri wa kupokelewa, na wasipokusikiliza peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, ambayo ina kitengo cha kuyashughulikia. Muhuri huo wa kupokelewa uombe siku ileile unapowasilisha karatasi zako, kwenye kila ukurasa.